Nakagua mikahawa kwa namba ya mtu mwingine

Assalam aleikum, Bibi.

Nakuandikia kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni. Nina miaka 29, watoto wawili, na jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Nilisomea afya ya mazingira, ngazi ya diploma, nikamaliza 2018. Nilitaka kujisajili papo hapo. Pesa za usajili nilikuwa nimezifunga kwenye pindo la leso. Wiki ileile baba akaugua, ikabidi apelekwe Mombasa, na lile pindo nikalifungua kwa mkono wangu. Baba hakurudi mzima. Kisha nikaolewa, nikazaa, mwaka ukafuata mwaka, cheti cha chuo kikabaki sandukuni chini ya nguo za harusi.

Mwaka 2022 rafiki wa marehemu baba, ambaye ni afisa wa afya ya umma, alinichukua kwenye ofisi anayofanyia kazi. Namwita ami, na ndiye aliyesimamia mazishi ya baba. Sina barua ya ajira. Napewa posho mwisho wa mwezi, na posho hiyo ndiyo unga wa nyumba yangu. Mwanzo nilikuwa namfuata tu: kuchukua sampuli za maji ya visima, kuzungumza na kina mama, kuhesabu vyoo. Kazi hii naipenda, Bibi. Nikiwa njiani asubuhi hujiona mtu.

Halafu goti la ami likamzidi. Kupanda na kushuka mashua za Faza na Siyu kukawa adhabu, mwisho hata vichochoro vya Mkomani vikamshinda. Akaanza kunituma peke yangu. Akanipa kitabu cha fomu zilizokwisha kuandikwa jina lake na namba yake ya usajili, akasema, "Kagua kama nilivyokufunza, kisha tia sahihi, fuatisha yangu." Nikatia. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka. Mara ya kumi haukutetemeka tena, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Mfungo Sita uliopita, siku za Maulidi, mji ulijaa wageni mpaka hakuna baraza isiyolaliwa. Niliingia jikoni mwa mgahawa mmoja nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Kuku mbichi na kachumbari vinakatiwa ubao mmoja. Pipa la maji halina kifuniko. Wapishi wawili vyeti vyao vya afya vimepitwa na muda. Nikaandika notisi afunge jiko mpaka arekebishe.

Mwenye mgahawa ni mama wa rika la mamangu. Hakukasirika. Alivaa miwani, akaisoma ile karatasi yote, akaniuliza, "Mwanangu, namba hii ni ya nani?" Nikasema ni ya ofisi. Akasema, "Hapana. Huyu bwana amenikagua miaka kumi, namba yake naijua kama ya simu ya mwanangu. Yako wewe ni ipi?" Sikuwa na jibu. Akaikunja notisi, akanipa maji ya kunywa, akasema jiko atalisafisha kwa sababu nimesema kweli, lakini karatasi ile hatoibandika ukutani mwake.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Sasa kaunti imetangaza nafasi za maafisa wa afya, na wanataka cheti cha usajili na leseni ya mwaka huu. Ami ananiambia nisubiri astaafu mwakani, atanipangia mambo. Binamu yangu aliyeko Leicester anasema Uingereza kuna daftari la watu wa afya ya umma ambalo ni la hiari, nijiandikishe huko, nirudi na cheti cha kizungu, nani atanikataa? Na juu ya hayo, majina yangu hayalingani: cheti cha kuzaliwa kina jina moja, cha shule kimeliandika vingine, kitambulisho kimeligawa mara mbili.

Nikiomba usajili nitaulizwa miaka yote hii nilikuwa nafanya nini. Nikisema kweli, namchoma mtu aliyemzika baba yangu. Nikiacha kazi, watoto watakula nini? Niongoze.

Mwenye Kalamu ya Kuazima, Lamu

*

Waaleikum salaam, mjukuu wangu.

Usitie tena sahihi kwa namba ya ami yako. Sisemi mwezi ujao wala baada ya mshahara. Kesho asubuhi kitabu kile kirudi mezani kwake. Mengine yote nitakayokuandikia yanaweza kwenda polepole, hili haliwezi.

Nimefanya kazi hii ya bwana afya na bibi afya zaidi ya nusu ya umri wangu, sehemu kubwa Malindi, na barua yako nimeisoma mara tatu. Mara zote tatu nimekwama kwa yule mama wa mgahawa, kwa sababu swali lake ndilo ambalo lingeulizwa na hakimu. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iko tangu 1921, na inampa afisa nguvu ambazo hata polisi hana hivi hivi: kuingia jikoni mwa mtu, kumwamuru aondoe uchafu unaohatarisha afya ya jirani, na akikaidi kumfikisha kortini. Nguvu kama hiyo haipewi karatasi. Hupewa mtu anayejulikana, aliyesomea kazi, ambaye akikosea au akila rushwa kuna mahali jina lake litafutwa. Namba ni ya hilo. Yule mama alipouliza yako ni ipi, alikuwa anauliza: ukinionea, nikakushtaki wapi? Nawe mjukuu wangu, kwa namba ile, hushtakiki popote. Atashtakiwa mzee ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani na goti lake.

Nitakupa kisa kimoja, mji siutaji. Mchinjaji mmoja alikuwa akiuza nyama isiyopigwa muhuri. Kijana akaenda akamkuta nayo, ushahidi mtupu, akaandika notisi kwa jina la mkubwa wake. Kesi ilipofika, wakili akauliza swali moja tu: aliyetia sahihi hapa ndiye aliyeingia buchani? Mkubwa akasimama, akasema hakufika. Kesi ikaanguka kabla ya adhuhuri, na jioni ile bucha likafunguliwa. Kijana alikuwa amesema kweli kuhusu nyama. Ukweli wake haukuwa na mwenyewe.

Wewe ni mtu wa Amu, kwa hiyo neno hili utalielewa kuliko wengi. Nyumba za kwenu si za kuingiwa na kila mtu. Pana daka la mlangoni, pana kiwanda, yaani ua wa katikati, pana ndani ambako mwanamume mgeni hafiki. Mwaka 2004 ilipoingia homa ya chikungunya, ukame ulikuwa umewafanya watu waweke maji kila chombo kilichokuwapo, na mbu walizaana kwenye mitungi na mapipa ya ndani ya nyumba, karibu na walipolala watu. Utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa robo tatu ya watu wa Lamu waliambukizwa. Robo tatu. Watu wazima wakitambaa kwa maumivu ya viungo, na jina lenyewe la ugonjwa, la Kimakonde, maana yake ni kujikunja. Kuufukuza ugonjwa wa namna ile lazima mtu aingie ndani, afunue mtungi, aseme mwageni haya. Nani atafunguliwa mlango? Wahenga wenu walijua habari ya mbu zamani: waliweka visamaki kwenye mabirika ya nyumba na misikiti vipate kula viluwiluwi vya mbu. Lakini kisamaki hakihitaji kuaminiwa. Wewe unahitaji, na zaidi kwa kuwa ni mwanamke na ndiwe unayeweza kufika ndani kabisa ambako ami yako hafiki. Ndiyo maana nataka uwe na namba yako. Kazi hii Amu inakuhitaji wewe hasa.

Sasa tuje kwenye usajili wenyewe.

Sheria Na. 12 ya 2013 ndiyo iliyounda Baraza la Maafisa na Mafundi wa Afya ya Umma. Baraza ndilo linaloshika daftari la majina, linaloidhinisha mafunzo, na linalotoa leseni. Katiba ya 2010 iliipeleka sehemu kubwa ya kazi za afya kwenye kaunti, na watu wengi wamechanganyikiwa hapo. Kaunti huajiri. Haisajili. Ami yako akikwambia atakupangia mambo, ana nia njema, lakini hana cha kukupangia: namba haitoki kwake, haitoki kwa mkuu wake, haitoki hata kwa gavana. Ukingoja astaafu utakuwa umengoja bure, na utakuwa na mwaka mwingine wa fomu za kuficha. Na sheria hiyo hiyo inasema kufanya kazi ya afisa bila kusajiliwa ni kosa. Wewe umo katika kosa hilo kwa sasa, na ami yako yumo pamoja nawe. Sikwambii kukutisha. Nakwambia kwa sababu hakuna mtu mwingine hapo ofisini atakayekwambia.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni chuo. Kabla hujalipa hata shilingi, waandikie Baraza, taja chuo, jina kamili la kozi na mwaka uliomaliza, uulize kama mafunzo hayo yanatambuliwa na kama kuna mtihani unaotakiwa kuufanya mtu aliyekaa miaka kadhaa bila kuomba. Nimeona vijana wakilia kwa kugundua mwishoni kwamba kozi waliyosoma haikuwa na idhini. Jibu walilokupa lihifadhi kwa maandishi. La mtu aliyekwambia kwa simu si jibu.

Halafu majina. Hili ni letu sisi watu wa pwani na limewakwamisha mabinti wengi kuliko ada. Karani wa shule anaandika Mwanakheri, wa kitambulisho anaandika Mwana Kheri, na mwenye cheti cha kuzaliwa ameacha jina la babu kabisa. Kwetu ni mtu mmoja, kwenye kompyuta ni watu watatu. Nenda kwa wakili au kamishna wa viapo, kula kiapo kwa hati inayotaja majina yote kama yalivyoandikwa kwenye kila cheti na kwamba yote ni yako. Fanya hilo wiki hii, maana ni rahisi na litakupa moyo. Utakapoomba, tumia jina la kitambulisho, na nakala ya kiapo iambatane na kila kitu.

Ukishasajiliwa, elewa kwamba cheti cha usajili na leseni ni vitu viwili. Jina likiingia daftarini limeingia. Leseni huhuishwa kila mwaka, na kuihuisha kunataka pointi za mafunzo endelevu: semina, warsha, kozi. Najua tabu ya mtu wa visiwani. Semina inafanywa Mombasa au Nairobi, nawe una watoto wawili, na kuna mashua hadi Mokowe kabla hata hujaliona basi. Tafuta zile zinazofanywa kwa mtandao, na kila unapohudhuria omba cheti siku hiyo hiyo. Malipo yoyote fanya kwa njia inayoonyeshwa na mtandao wa Baraza wenyewe. Akitokea mtu wa kukwambia umtumie kwenye simu yake "akusukumie", jua pesa ya leso imeondoka mara ya pili.

Binamu yako wa Leicester hakukosea kwa habari, amekosea kwa matumizi. Daftari analolisema lipo. Ni UK Public Health Register, lilianza 2003, na tangu 2011 linasajili pia watendaji wasio mabingwa. Kwa hao ni la hiari kweli, na mtu husajiliwa kwa kuwasilisha jalada la kazi alizozifanya, akieleza kila kazi alifanya nini, kwa nini, na alijifunza nini, kisha wakaguzi hulipima kwa viwango vyao. Ni la watu wa mfumo wa huko. Halikupi ruhusa ya kufunga jiko Langoni, na bodi ya kaunti haitolipokea badala ya leseni ya Kenya. Lakini lile jalada, mjukuu wangu, nimelipenda, na nataka uliibe wazo lake. Tafuta daftari gumu. Andika kila kazi uliyoifanya kihalali: sampuli ngapi za maji, kisima gani, nani alikusimamia, majibu yalisema nini, watu waliambiwa nini. Siku ya usaili wenzako watasema wana uzoefu. Wewe utalifungua daftari.

Nafasi zilizotangazwa, kama usajili wako hautatoka kabla ya siku ya mwisho, ziache zipite. Usiandike "namba inashughulikiwa" mahali panapotaka namba. Najua ni uchungu.

Na ukiulizwa ulikuwa wapi miaka hii, jibu kweli: ulimuuguza baba, ulilea, na tangu 2022 umekuwa msaidizi wa afisa kwa posho. Wakikuuliza kama ulikagua na kutia sahihi, usiseme uwongo. Hapo ndipo tunafika kwa ami.

Nimefikiria sana habari ya ami yako. Unaogopa kumchoma, lakini tazama anapokaa sasa. Siku mgeni mmoja wa Maulidi atakapolazwa kwa kula mahali palipopitishwa, fomu itafunguliwa na jina litakalosomwa ni lake. Amebakiza mwaka mmoja afike pensheni yake. Anayemhifadhi ni yule atakayekirudisha kitabu kile, na huyo ni wewe. Usimwendee ofisini mbele ya watu. Nenda nyumbani kwake baada ya Alasiri, mchukulie mahamri, mkewe awepo. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Ami, wewe ni baba yangu wa pili. Mama fulani aliniuliza namba ni ya nani nikashindwa kumjibu. Naogopa siku moja utaulizwa wewe kwa kazi niliyofanya mimi. Nataka nisajiliwe, na mpaka hapo nifanye yale ninayoruhusiwa tu." Kisha nyamaza. Mzee aliyefanya kazi hii miaka mingi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mpelekee na orodha. Kaa chini uandike kila mahali ulipotia sahihi yake, tarehe na ulichokiona. Orodha hiyo mpe yeye. Ni haki yake kujua jina lake limekwenda wapi, na ni juu yake kurudi kukagua upya au kumweleza mkubwa wake kwamba kwa ugonjwa wa goti alilemewa, atumiwe afisa mwingine. Nadhani atakubali. Akikataa, akakwambia uendelee tu, basi mwandikie barua fupi mkuu wa kitengo, isiyomshtaki mtu: sijasajiliwa, naomba nipangiwe kazi za mtu asiyesajiliwa. Weka nakala.

Na kazi hizo zipo, nyingi. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba na serikali 2023 hawana namba wala hawatoi notisi, lakini wanabisha hodi nyumba kwa nyumba na wanaokoa watu. Kufunza wapishi, kusaidia kuchukua sampuli ukiwa na afisa, kuhesabu vyoo, kufuatilia chanjo. Huenda posho ikapungua miezi kadhaa, sitakuficha. Kwa hiyo mume wako aambiwe usiku huu, kabla ya ami, kabla ya mtu yeyote. Umebeba mzigo huu peke yako muda mrefu mno, na ada ya usajili ni neno la nyumba nzima.

Yule mama wa mgahawa usimngojeshe mpaka upate namba. Alikuheshimu, na notisi yako kwake haina nguvu. Mwombe ami yako, goti na yote, akodi punda mpaka Usita wa Mui, aingie jikoni mwenyewe, atazame ubao na pipa kwa macho yake, aandike kwa mkono wake kile anachokiona leo. Wewe mshikie tochi.

Bibi